Vibarua wa Saa Kumi na Moja

Wahariri wa kitabu chetu wameniomba niandike kurasa chache juu ya mafunzo ya kiroho ambayo Mkristo huyapata katika mambo ya kila siku. Ombi hilo liliwachekesha baadhi ya jamaa waliolisikia, maana mimi ni Mwislamu, mtoto wa chuoni Pangani, na miongoni mwetu wako akina mama na wazee wa kanisa wanaoweza kulieleza jambo hili kwa ufasaha kunishinda. Walakini wahariri walikuwa na sababu yao. Wanajua ya kuwa tangu mwaka 2019 ndimi ninayemsomea Biblia mama mmoja mzee anayekaa chumba cha uani katika nyumba tunayopanga hapa Malvern, na ya kuwa mama huyo, ambaye shule aliiacha darasa la nne, ndiye anayefasiri. Mimi hutoa sauti tu. Basi nitakayoyaeleza humu ni yake zaidi kuliko yangu, na pale nitakapotia langu msomaji atatambua, kwa kuwa la mwalimu halifichiki.

Kwa jamaa wanaokipokea kitabu hiki wakiwa mbali, Malvern ni mtaa wa mashariki ya Johannesburg. Ukitoka mjini unaipita Jeppestown, unaifuata barabara ya Jules iliyonyooka kama mstari wa rula, huku na huku ukiona maduka ya matairi, magari ya kuuzwa, gereji, vinyozi, na makanisa yaliyoingia katika majengo yaliyokuwa maduka. Kaskazini yake ni Kensington, penye vilima na nyumba za watu wenye nafasi. Kusini kuna reli na viwanda vya Denver. Nyumba zetu ni za zamani, za matofali na mapaa ya mabati, na zilijengwa kila moja kwa ajili ya familia moja. Siku hizi kila chumba ni nyumba. Katika uwanja wetu tumo sisi watu wa Tanga, yaani mwanangu, mkewe, wajukuu na mimi; wamo watu wa Uvira na wa Fizi, kijana mmoja wa Malawi, na mama mmoja wa Kizulu ambaye ndiye aliyekaa hapa kuliko sote. Bomba la maji ni moja. Kamba za kuanikia ni tatu, na ugomvi wake unajulikana.

Mama huyo mzee ni wa Uvira. Alikuwa akijisomea mwenyewe mpaka mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili. Mwanawe wa kiume, ambaye ndiye pekee aliye naye huku, hutoka alfajiri kwenda kutafuta kibarua na hurudi usiku amechoka. Jioni moja ya kipupwe aliniita akaniambia, "Mwalimu, weye unasoma muzuri. Unisomee kidogo." Nilikaa siku mbili nikilifikiri jambo lile. Mwenzangu mmoja wa msikitini aliona si sawa, na mpaka leo hajaridhika, wala simlaumu. Kila mtu ana namna yake ya kuchunga dini yake. Mimi niliona kwamba Isa bin Mariamu si mgeni kwetu, na kwamba kumsomea asiyeona ni kama kumshika mkono avuke barabara. Hatukuulizana yeye ataokoka wapi na mimi nitaokoka wapi. Tulianza na Injili ya Luka.

Hapa sina budi kutia neno la lugha, maana niliifundisha miaka mingi. Biblia yake ni ile ya mwaka 1952, ambayo watafsiri wake walijaribu kuipatanisha lugha ya Unguja na ya Mvita ili isomwe kote. Kiswahili chake ni kizuri. Mtu aliyezoea tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, iliyotoka mwaka 1969, hatajiona ugenini. Chuoni sisi tulisema "mithali", neno la Kiarabu, na tulifundishwa mithali ya buibui na nyumba yake, na ya punje moja iliyotoa masuke saba. Injili hutumia neno letu wenyewe la Kibantu, "mfano", yaani kitu kinachofanana na kingine. Yule mama hulichukua neno hilo kwa uzito wake wote. Akisikia mfano, kwanza huuliza unafanana na nini hapa uwanjani.

Chukua ule mfano wa mwanamke aliyepotewa na fedha yake moja katika kumi, akawasha taa, akafagia nyumba mpaka akaipata. Watafsiri wetu hawakuandika drakma za Kiyunani. Waliandika shilingi, na kwa hivyo yule mwanamke amekuwa mtu wa kwetu kabisa. Mimi niliusoma mfano huo mbio mbio, nikidhani ni mwepesi. Mama akanizuia. Mwaka ulikuwa 2023, mwaka wa mgao wa umeme, ambapo ilikuwa nadra kupita siku nzima bila kukatiwa. Humu uwanjani kila chumba hununua umeme wake kabla ya kuutumia, na mtu hupewa karatasi ndogo yenye tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita. Wiki ile yeye alikuwa ameipoteza karatasi yake gizani. Aliwasha mshumaa, yeye asiyeona vizuri hata mchana, akapiga magoti, akafagia chumba chote kwa mkono mpaka chini ya kitanda, akaipata imejikunja ndani ya kiatu. Akaniambia kwamba siku zote wahubiri walimwonyesha Mungu aliyeketi juu, lakini ndani ya mfano huu Mungu yuko chini, amepiga magoti, ana vumbi mikononi. Kisha akasema nyumba yenye madirisha makubwa na taa nyingi haiwezi kuuelewa mfano huu; mwenye nyumba ile angenunua karatasi nyingine.

Na ule wa rafiki aliyekuja usiku wa manane kuazima mikate, na mwenye nyumba akajibu kutoka ndani ya kwamba mlango umefungwa na watoto wamelala. Nilipokuwa kijana nilimwona mwenye nyumba huyo kuwa mchoyo. Lakini hapa Malvern watoto hulala sakafuni baina ya kitanda na mlango, na mlango ukifunguliwa ni lazima kwanza uinue watoto watatu na godoro lao. Mama alisema, "Huyu mutu haiko mubaya. Anahesabu batoto." Hata hivyo alifungua, na hilo ndilo alilolipenda.

Sasa nije kwenye mfano uliotugombanisha, na ambao umekuja kukigusa chama chetu chote.

Msomaji anaukumbuka. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kuajiri vibarua, akapatana nao dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa. Hata saa kumi na moja akawakuta wengine wamesimama bure, akawauliza kwa nini, wakajibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Akawatuma nao shambani. Jioni akawalipa wote sawasawa, akianzia wa mwisho. Waliokuja alfajiri wakanung'unika.

Mjukuu wangu aliyezaliwa hapa, akisikia saa kumi na moja, hutazama saa ya ukutani na kuona namba kumi na moja, yaani karibu na adhuhuri, akashangaa kwa nini watu wafanye kelele. Ilinibidi nimweleze ya kuwa watu wa Injili walihesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Waingereza wana msemo uliotokana na saa hiyo, lakini wengi wao hawajui ni saa ngapi. Mswahili hahitaji sharhe. Saa kumi na moja ni jioni, na hapa Johannesburg, katika mwezi wa Juni, jua huzama kabla hata ya saa kumi na moja na nusu. Kwa hiyo vibarua wale hawakuwa na saa nzima ya mwanga. Neno lenyewe "kibarua" lilikuwa barua ndogo, kile kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kutwa kuonyesha amefanya kazi siku hiyo. Hatimaye watu wenyewe wakaitwa kwa jina la karatasi yao. Wengi wetu huku tunalifahamu jambo hilo.

Mwanawe mama husimama karibu na duka moja la vifaa vya ujenzi, pamoja na wanaume wengine thelathini au arobaini, kila mmoja na kipande cha boksi kilichoandikwa kazi anayoiweza: rangi, vigae, mabomba. Pikapu ikipunguza mwendo huikimbilia wote. Mwenye gari huchagua wawili, watatu, wenye mabega. Waliobaki hurudi ukutani. Nimepita pale saa nne, na nimepita saa tisa, na nimewaona wale wale. Yeyote anayewaita wavivu hajapata kusimama saa tisa mfululizo kwenye baridi akijaribu kuonekana mwenye nguvu.

Pamoja na hayo, mfano ule ulinikera, nami nikamwambia mama wazi. Sisi tuliosoma miaka ya Azimio la Arusha tulifundishwa kwamba malipo hufuata jasho. Nimesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwanafunzi aliyefanya hesabu moja sikumpa alama za aliyefanya kumi. Ukiwalipa sawasawa, nikamwambia, kesho nani ataamka alfajiri? Hapo ni haki gani?

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Haiko mambo ya haki, Mwalimu. Iko mambo ya bugali."

Akanifafanulia. Dinari moja ilikuwa chakula cha nyumba kwa siku moja. Anayefanya kazi saa moja ana watoto wale wale, na njaa ile ile, na mwenye nyumba wake anadai kodi ile ile. Mwezi Machi mwaka 2023 kima cha chini cha mshahara katika nchi hii kilipandishwa kuwa randi 25.42 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: kwa saa nane ni randi 203 na kitu, kwa saa moja ni mkate na chenji kidogo. Mwenye shamba, kwa maneno ya mama, alitazama sufuria za jioni, hakutazama saa. Tena aliona jambo ambalo mimi mwalimu sikuliona kwenye maandishi niliyokuwa nikiyasoma kwa macho yangu mazima: mwenye shamba alitoka mara tano. Tajiri mwenye msimamizi, angeweza kumtuma. Kwa nini atoke mwenyewe saa kumi na moja, wakati kazi inakwisha? "Alienda kuangalia kama kuko mutu amebakia."

Hapo nami nikakumbuka hadithi tuliyosomeshwa chuoni, imo katika Bukhari, ya mtu aliyeajiri vibarua wa kwanza mpaka adhuhuri, wengine mpaka alasiri, na wa mwisho kuanzia alasiri mpaka magharibi, na hao wa mwisho wakapewa qirati mbili pale wenzao walipopewa moja. Wa kwanza wakakasirika, wakaulizwa kama wamepunjwa haki yao, wakasema hapana. Katika hadithi hiyo wa mwisho ni sisi, umma wa Muhammad. Na ni ajabu kwamba nilipokuwa mtoto sikuiona dhuluma yoyote ndani yake. Ilinifurahisha sana! Nilipomsimulia mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Kumbe na nyinyi muko ba saa kumi na moja," akasema. Tangu siku hiyo huniita hivyo nikichelewa kuja kusoma.

Mambo ya Septemba 2019 nitayapita upesi, kwa sababu wengi wetu tuliyaona. Moto ulianzia Jeppestown tarehe 1, na siku zilizofuata maduka yalivunjwa mtaani kwetu na magari ya kuuzwa yakachomwa kwenye barabara ya Jules. Tulifunga geti. Yule mama wa Kizulu alitoka akasimama nje yake, mikono kiunoni, akawaambia vijana waliokuja ya kuwa ndani hamna mtu ila watoto wake. Walimwamkia wakapita. Mwanawe mama mzee hakurudi usiku ule. Alikuja kesho yake mchana, amelala ndani ya bomba la saruji kwenye uwanja wa ujenzi.

Siku ya tatu mama akaniomba nisome tena kile kipande cha wanung'unikaji. Nilidhani anataka kuwalaani. Yeye alitaka kusikia walichosema hasa, na walichosema ni kwamba wao ndio waliobeba joto la mchana. "Basi hawakusema uongo," akasema. Na ni kweli. Chini ya ubaguzi wa rangi Malvern ilikuwa mtaa wa Wazungu, na baba wa vijana wale walilala kwenye mabweni ya wanaume ya Denver na Jeppe bila wake zao, pasi mfukoni, wakiijenga hiyo Johannesburg tuliyokuja kuitafutia riziki. Hapa mimi niliona mfano unapwaya, nikamwambia. Katika Injili wa kwanza walipokea dinari yao kamili. Humu mjini wengi wa waliobeba joto hawajalipwa mpaka leo, na mwenye deni lao si yule muuza nyanya wa Fizi. Alinyamaza kidogo, kisha akanitaka niendelee mbele.

Tena, huko kuhesabu nani alikuja kwanza kuna mwisho wake? Mwaka 1873 watumwa waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza waliletwa Durban kutoka Unguja, wengi wao Wamakua. Baadhi walikaa na Wakatoliki kwenye misheni ya Bluff, wengine wakawa chini ya Waislamu wa msikiti wa mjini. Watu waliwaita Wazanzibari. Mnamo miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwahamisha Bluff kuwapeleka Chatsworth, na vizazi vyao vipo. Hao nao ni wageni?

Nililotaka hasa kulisema ni hili lifuatalo, na wahariri wamekubali nilieleze bila majina.

Jamaa wote wanakijua chama chetu cha kuzikana. Kila nyumba hutoa ada kwa mwezi, na mtu akifariki sanduku hulipa jeneza, mochwari na gharama za kumrudisha kwao. Kanuni ni kwamba mtu awe ametoa ada ya miezi sita. Julai mwaka 2023 kijana mmoja wa Kigoma, aliyekuwa akisimama kwenye ukuta ule ule na mwanawe mama, alifariki kwa homa ya mapafu. Alikuwa amejiandikisha nasi mwezi wa Juni. Ada yake ilikuwa ya mwezi mmoja.

Tulikutana Jumapili alasiri katika uwanja wetu, watu karibu hamsini, wamejifunika mablanketi. Mweka hazina wetu alisimama na daftari. Naomba asomwe kwa heshima. Yeye amekuwa akitoa ada tangu mwaka 1998, na katika muda wote huo hajapata kuchukua hata senti. Anazikumbuka siku ambazo maiti ilikaa mochwari wiki tano huku kofia ikizungushwa kwenye harusi za watu. Mei mwaka 2008, pale watu 62 walipouawa nchini na wenzetu wakakimbilia vituo vya polisi vya Jeppe na Cleveland, yeye ndiye aliyezunguka na gari lake usiku akiwapelekea watoto maziwa. Kama kuna mtu aliyebeba joto la mchana katika chama hiki, ni yeye. Akasema kanuni ni miezi sita, na kanuni hiyo ndiyo iliyoliweka sanduku hai. Tukiivunja leo, kila mgonjwa wa Johannesburg atajiandikisha kesho.

Mimi nilisema maneno yangu, na sikuyaona yakimgusa mtu. Ndipo mama mzee akaomba kusema akiwa ameketi. Hakutaja Injili. Alisema, "Mama yake atamulia kijana muzima. Hatamulia kijana wa mwezi moja."

Kimya kikawa kirefu. Nilidhani jambo limekwisha. Lakini mweka hazina ni mzee wa kanisa naye, na Biblia anaijua kuliko mimi. Alimgeukia mama kwa upole, akasema anajua mama anakotoka na maneno hayo, na mfano wenyewe anaupenda. "Ila mama, yule mwenye shamba alitoa mali yake mwenyewe. Ndiyo maana hakuna aliyemkataza. Sanduku hili si langu wala si lako. Nikiwa mwema kwa fedha ya mjane aliyelipa miaka ishirini, wema huo ni wa nani?"

Nikiri kuwa katika miaka yote ya kusoma na yule mama sijasikia neno lililoufungua mfano ule kama hilo, nalo lilitoka kwa mpinzani wake. Mama mwenyewe alitikisa kichwa, akasema, "Iko kweli."

Mweka hazina akalifunga daftari. Akavua kofia yake, akatoa mfukoni noti, sikuzihesabu ila zilikuwa nyingi, akazitia ndani ya kofia, akaiweka mezani. "Hii ni yangu," akasema, akaketi. Mama wa Kizulu, ambaye si mwanachama na alikuwa akianua nguo zake, alikuja akatia ya kwake. Vijana wa ukutani walitoa sarafu za randi mbili na tano. Kofia ilizunguka Malvern kwa muda wa siku tisa, ikaenda mpaka Yeoville na Rosettenville. Haikutosha. Mkutano wa pili uliamua, kwa kura 27 dhidi ya 19, kwamba sanduku likopeshe kilichopungua, kiandikwe kama deni, na kanuni ibaki kama ilivyo. Kijana alifika Dar es Salaam kwa ndege na kwao kwa barabara. Mama yake alitutumia ujumbe wa sauti, nusu yake kwa Kiha, na wale waliouelewa hawakutaka kuutafsiri wote.

Si kila mtu aliridhika. Nyumba mbili zilijitoa kwenye chama, mmoja akisema tumekuwa wanyonge kwa wageni wapya, mwingine akisema tumekuwa wagumu mno mpaka kumwandikia maiti deni. Wote wawili ni watu wazuri na natamani warudi. Kwa maoni yangu kanuni ya miezi sita ibaki, na pembeni yake liwepo sanduku la pili, dogo, la hiari, lisiloulizwa miezi. Nimelipeleka pendekezo hilo kwa maandishi. Mweka hazina ameniuliza ni nani atakayelishika hilo sanduku la pili, nami nimejibu kwamba yeye, na yeye amejibu kwamba amechoka.

Mama mzee bado anangoja kupasuliwa macho. Tumemaliza Mathayo na tumo katika Matendo ya Mitume, ambayo anaiona ina safari nyingi mno na jikoni chache. Mwanawe alipata kazi ya miezi minne kwa fundi wa vigae, ikaisha, na sasa amerudi ukutani.

Deni la yule kijana, mpaka ninapoandika haya, limebaki randi 3,150. Mweka hazina hulisoma katika kila mkutano mahali pake, baada ya salio na kabla ya mengineyo. Jamaa anayetaka kulipunguza atamkuta nyumbani kwake siku yoyote isipokuwa Jumapili, kuanzia saa kumi na moja. Nina maana ya saa kumi na moja yetu.